Shimo la Matofali Nyuma ya Nyumba ya Tantine

Mwaka ule mto mdogo wa mtaa wetu ulipopanda hadi madirishani, nyumba ya tantine, dada yake baba, iliyeyuka. Sisemi ilianguka. Iliyeyuka, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya beseni. Umeme ulikuwa umeshapotea kwa wiki kadhaa, barabara zimekatika, bei za sokoni zinabadilika asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa nimetoka chuoni Kasapa na diploma isiyomfaa mtu. Niliposikia tantine analala juu ya mabenchi ya parokia, nikasema nitamjengea. Aliomba jambo moja tu: awe chini ya paa lake kabla ya mvula za kwanza.

Nikamletea kurasa arobaini.

Kila kitu kilikuwamo: msingi wa mawe unaofika magotini, madirisha ya juu ili joto litoke, paa lililoelekea kaskazini kwa ajili ya paneli ya jua. Matofali yasichomwe, maana kila tanuru linakula msitu. Tutashindilia udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono. Mwinamo wa paneli niliupima mara tatu, kisha nikapima tena kwa kuogopa kwamba ile ya tatu ilikuwa na kosa. Fundi mwashi alisoma ukurasa mmoja, akauweka juu ya jiwe, akaukalia.

Tantine alikuwa na swali moja.

"Udongo ya nyumba ya zamani iko pale inalala. Sababu ya nini munachimba ingine?"

"Tantine, mayi ya vyoo ilipita mule. Haifai."

"Miye nililala mule miaka yote. Miye pia sifai?"

"Acha, mama," mwashi akasema. "Injenyeri anaogopa matofali itamuambukiza kuhara."

Nilishinda mabishano hayo, kwa bahati mbaya. Tukachimba udongo mpya nyuma, upande wa juu wa kiwanja.

Kwetu karibu kila kiwanja kina shimo la namna hiyo. Watu hulitupia takataka hadi lijae, kisha hupanda mahindi juu yake. Tantine alianza siku ileile: maganda, majivu, mifuko. Nikamkataza. Plastiki ardhini! Nikaingia shimoni, nikatoa mfuko mmoja mmoja kwa mikono yangu, nikafagia. Ndiyo, nilifagia shimo. Jirani akapita na ndoo yake kichwani.

"Mama, utapokea bageni mule?"

"Uliza injenyeri," tantine akajibu. "Ile ndiyo salon yake ya bageni."

Bati likapigiliwa, paneli ikafungwa, tantine akahamia. Mchana kweupe aliwasha taa na kuizima, akawasha tena. Nilisimama mlangoni nikingoja sifa. Alisema taa iko muzuri, lakini ngazi zimezidi urefu kwa magoti yake.

Mvula ya kwanza ilinyesha Jumamosi alasiri. Nilikimbia kutoka kwetu bila viatu. Mbele ya nyumba, msingi wangu ulikuwa umesimama juu ya maji kama nilivyouchora. Nyuma, lile shimo safi lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na maji yanamwagika moja kwa moja kwenye pembe ya ukuta. Katika kurasa zote arobaini hakuna mstari hata mmoja uliotaja shimo. Udongo chini ya mawe ulikuwa unalainika, na ufa ulikuwa umeanza kupanda.

Tantine alitoka na godoro kichwani, akanitupia.

"Shika."

Akachukua koleo, akaenda kwenye rundo la nyumba yake ya zamani. Mwashi alikuja mbio, akafungulia maji mfereji kwa jembe, kisha wote wawili wakaanza kulisukuma rundo lile shimoni.

"Injenyeri!" mwashi akapiga kelele. "Ni ukurasa gani inasema ushike godoro?"

Niliweka godoro juu ya meza ndani ya nyumba, nikaenda kuchimba. Hadi jioni nyumba ya zamani yote ilikuwa ndani ya shimo, na maji yalikuwa yanapita kando.

Nyumba mpya ilisimama, na ufa wake haukuondoka. Kila mvula ikinyesha nilikwenda na rula kuupima, na tantine alinipa kiti. Siku moja nikakuta ametundika kalenda ya parokia juu yake. Msumari ameupigilia ndani ya ufa wenyewe.