Mwaka na Siku Moja wa Mwajuma

Mwajuma wa Muheza ni mtu wa kuamini watu, na hilo ndilo lililomponza. Mimi Latifa, ninayelala kitanda cha pili chumbani kwetu mtaa wa Najma, huku ughaibuni, sijawahi kumwona akimtilia mtu shaka, hata muuza samaki.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi za ndani mtaa wa Al Rayyan, kwa madamu mmoja anayefundisha historia chuoni. Madamu huyo amezama kwenye mji wa Kijerumani uitwao Lübeck, jinsi ulivyokuwa zama za kati. Sebuleni katundika picha ya lango la mji huo, minara miwili minene ya matofali imeinamiana kama mashoga wanaosengenya. Jioni Mwajuma akisukuma chapati, madamu huvuta kiti jikoni na kuanza: mji ulivyotajirika kwa chumvi na samaki, kila ufundi ulivyokuwa na chama chake, na jinsi katika miji mingine ya huko mwokaji aliyepunja mkate alivyochovywa mtoni watu wakimcheka. Mwajuma naye hucheka.

Alichokipenda zaidi ni sheria ya mwaka na siku moja. Mashambani, watu wengi walikuwa chini ya bwana wa ardhi, hawaoi wala hawahami bila idhini yake. Lakini mtu akikimbilia mjini, akakaa mwaka na siku moja bila bwana wake kuja kumdai, amekuwa huru. Madamu akifika hapo machozi humlengalenga. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Mwajuma akiniletea hadithi hizo, nami namuuliza kama huyo madamu wake huwalilia Wajerumani tu.

Kisha ikapatikana nafasi katika hoteli ninayofanyia kazi, jikoni, upande wa mikate. Mwajuma aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Sheria ya hapa inaruhusu kubadili mwajiri, unatuma notisi kupitia mtandao wa wizara. Nikamwambia aitume siku ileile.

"Nimtumie notisi kwa simu kama mtu baki?" akasema. "Nimekula naye sahani moja, Latifa. Nitamuaga kwa mdomo."

Ndivyo tulivyolelewa, mtu mzima anaagwa uso kwa uso. Akamfuata jikoni, wakiwa wawili tu, akamwambia. Madamu akamkumbatia.

"Wewe ni familia, habibti. Achana na mambo ya mtandao, nitayamaliza mimi."

Siku ya kuondoka akamkatia keki, akampa abaya mpya, na dereva akamleta hadi mlangoni kwetu. Mwajuma aliingia akilia kwa furaha. Kumbe kavishwa kilemba cha ukoka.

Wiki chache baadaye aliitwa na mandubu, yule anayeshughulikia vibali vyetu hotelini. Nilimsindikiza.

"Dada, hapa umeripotiwa mtoro," akasema. "Mwajiri wako anasema umekimbia kazi."

"Lini?"

Akatugeuzia kioo cha kompyuta. Ilikuwa asubuhi ya siku ile ya keki. Bwana wa zama zile alipewa mwaka na siku moja wa kumdai mtu wake. Madamu hakungoja hata mtu wake atoke mlangoni.

Mwajuma akampigia palepale. Madamu alipokea kwa sauti laini.

"Najua, habibti. Watoto wanakulilia. Rudi, nami naifuta ripoti leo hii."

"Na nisiporudi?"

"Ukikamatwa barabarani sitaweza kukusaidia."

"Madamu, ulinilisha keki kwa mkono wako."

"Kwa sababu nakupenda."

Mwajuma akakata simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitukana matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Nilipomuuliza kama atarudi Al Rayyan, alisema bora afukuzwe nchini kuliko kumsukumia tena chapati.

Tukaenda wizarani kulalamika. Karani alimsikiliza vizuri, tena kwa huruma. Akauliza kama kuna notisi yoyote iliyotumwa. Hakuna. Kuna ujumbe wa simu? Hakuna.

"Basi unaye shahidi, aliyesikia ukiaga na ukiruhusiwa?"

Mwajuma akaniangalia, kisha akamwangalia karani.

"Yupo mmoja," akasema. "Madamu mwenyewe."