Mayai Bila Bukari

Nakiri upumbavu wangu: Jumapili iliyopita nilialika wageni kumi waje kula kwangu baada ya misa, nikapanga mikate, samaki mkavu na mayai ya kuchemsha, nikasahau bukari, ugali wa kwetu. Mtu wa Likasi mzima! Walikula kwa adabu, huku wakitazama mlango wa jikoni kama watu wanaosubiri chakula.

Harufu ya yale mayai ilinirudisha utotoni, siku za jimbo letu la Katanga kujitenga na Kongo, tulipokaa kambi ya wafanyakazi ya Panda, pale Likasi. Mama alikuwa amemwalika jirani yetu, Mama Ngalula, mtu wa jimbo la Kasai, pamoja na watoto wake. Mama yangu naye alipanga vilevile: mikate, samaki wa ziwa la Mwadingusha aliyekaushwa motoni, mayai kumi na mawili. Bukari hakuna. Leo najua kwamba bukari haisafiri; siku ile nilidhani mama amekuwa mchoyo, nikamwonea haya. Wageni walikunywa chai tu, filimbi ya treni ikilia upande wa stesheni. Nikajua wamekasirika.

Basi nikaamua kuokoa heshima ya nyumba. Nilimenya yai nikalila mbele yao, waone lilivyo tamu. Nikamenya la pili. Mama akainamisha kichwa. Nilipogusa la tatu, Mama Ngalula alinishika mkono, akaanza kuyafunga yaliyobaki kwenye kitambaa.

"Wacha, weye mutoto! Ile mayai ni ya batoto yangu mu treni. Banatufukuza siye batu ya Kasai, na njia ya kurudi kwetu ni ya siku tatu."