Letisia Aenda Kuwaona Ndugu wa Baba

Kilosa nzima ilimjua Fundi Vashramu. Nusu ya milango ya mji ule ilitoka mikononi mwake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kuongea huku ana misumari mdomoni. Alikuja akiwa kijana kutoka Gujarati, Bara Hindi, akamwoa Agnesi wa Vidunda, huko milimani. Walipata mtoto mmoja, Letisia, akabatizwa Mkatoliki kama mama yake. Fundi hakupinga. Yeye alikuwa na mambo yake. Kila mwaka, siku moja, wiki kadhaa baada ya Krismasi, aliosha misumeno na randa zote, akazipaka rangi nyekundu na kuziwekea maua, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugonga hata msumari mmoja. Ukimuuliza alijibu, "Vyombo navyo vinachoka." Letisia alikua akidhani hiyo ni tabia tu ya baba yake.

Mwishoni mwa mwaka 1968 Letisia alikuwa mpishi katika mgahawa mmoja wa Mikumi, walikosimama madereva wa malori ya Zambia. Siku moja akamwona baba anashuka kwenye basi.

"Shikamoo baba. Kwema?"

"Marahaba. Kwema. Dada yangu kule Bara Hindi amezeeka, anataka kuniona. Twende wote."

"Na mama?"

"Mama yako anasema bahari tuwaachie samaki."

Letisia alicheka, halafu akauliza lililomkaa moyoni. "Watanipokea, baba? Na ngozi hii, na rozari shingoni?"

Mzee hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Wakikukataa, tutageuza wote wawili."

Wakapanda meli, kisha treni, na mwisho gari la ng'ombe, mpaka kijiji kimoja karibu na Jamnagar. Shangazi Jiviben alikuwa amesimama mlangoni, kazungukwa na ukoo mzima. "Mguse miguu," baba akanong'ona. Letisia akainama, akaigusa ile miguu yenye vumbi, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Shikamoo, shangazi."

Jiviben hakujua neno hilo, lakini aliweka mkono juu ya kichwa cha Letisia. Kisha akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga na kusema kitu. Wanawake wote wakaangua kicheko.

"Anasemaje?"

"Anasema hiyo pua ni ya marehemu mama yetu. Anauliza umeiokota wapi huko mbali."

Akavutwa moja kwa moja mpaka jikoni. Mzee mmoja jirani alihamisha mkeka wake ili asikae karibu na mgeni yule. Jiviben alimwambia maneno ambayo baba alikataa kuyatafsiri, na kesho yake mkeka ukarudi mahali pake.

Aliyepata taabu zaidi ni baba. Aliomba sufuria, watu wakamkodolea macho. Akaomba kisu, akaomba fagio, wakatazamana.

"Wamesahau lugha yao hawa!" akalalamika.

"Baba, hicho ni Kiswahili!"

Walicheka mpaka machozi, naye Jiviben alipoelezwa, akaanza kumwita kaka yake Sufuria.

Asubuhi moja Letisia aliamka akakuta mtaa wa maseremala umetulia, hakusikiki nyundo wala msumeno. Alipotoka nje alisimama kama aliyepigiliwa. Kwenye kila mlango palikuwa na misumeno, patasi na randa, zimeoshwa, zimepakwa rangi nyekundu, zimewekewa maua ya manjano.

"Baba! Hawa wote?"

"Leo ni siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Hata babu wa babu yangu aliiadhimisha."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee aliangalia vidole vyake. "Ulikuwa na dini ya mama yako. Niliogopa kukukata vipande viwili."

"Mimi nilidhani ni wewe peke yako duniani."

Jiviben akampa Letisia ua, naye akaliweka juu ya randa kuukuu ya babu yake. Rozari ilikuwa bado shingoni, na hakuna aliyeona ajabu. Siku nzima alitembea mtaani akigusa vyombo vya watu asiowajua, akitabasamu peke yake. Baba yake alikuwa na watu, na watu hao walikuwa wake pia.

Walimsihi Fundi abaki. Akasema kijiji kipya cha ujamaa kule Kilosa kinangoja milango ya shule, na Agnesi naye anangoja. Jiviben akalia kidogo, akampa Letisia sari ya kijani ampelekee wifi yake.

Waliporudi Kilosa, Agnesi aliikunjua uani. Akaikunjua tena. Haikwisha.

"Jamani, wifi yangu ana urefu gani?"

Aliikata vipande vitatu. Pasaka ile, yeye na dada zake wawili waliingia kanisani Vidunda wamevaa sare ya kijani, wanatembea kama maharusi, na Letisia, aliyekuwa kwenye kwaya, alishindwa kumaliza ubeti kwa kicheko.