Fundi Kibwana Anunua Bunduki ya Mzungu wa Mpira

Na ijulikane kwa watu wote wa Uluguru, wa mlimani na wa bondeni, waliobatizwa na wanaofunga Ramadhani, pamoja na wale wanaofanya yote mawili kutegemea nani kapika, kwamba Kibwana wa Kinole, fundi wa kuwinda tembo, amenunua bunduki kubwa ya Kizungu, iliyokwisha kutumika, na kwamba tembo wote wa bonde la Ngerengere wanashauriwa kuagana na jamaa zao.

Tangazo hilo alilitoa mwenyewe, amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa.

Ukweli ni kwamba Kibwana hakuihitaji bunduki ile. Alichohitaji ni Benedikto asiwe nayo.

Benedikto alikuwa mbeba bunduki wa Mdachi mmoja mwenye shamba la mpira kule chini. Kila Jumapili alipopanda kwenda misheni alipita mlangoni kwa Kibwana, bunduki ya bwana wake begani, kaptula ya kaki imenyooka kama imekatwa kwa panga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," Kibwana angejibu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Siku moja Hidaya, mkewe, aliinua macho kutoka kwenye kutwanga, akasema, "Kijana huyu kapendeza." Basi, hayo tu, akaendelea kutwanga. Lakini maneno hayo yalimwingia Kibwana kama funza kwenye kidole cha mguu: yakakaa, yakanenepa, yakazaa.

Kisha bei ya mpira ikaanguka na yule Mdachi akafunga mizigo arudi kwao. Benedikto akatangazia kila kilabu cha pombe kwamba bunduki ataachiwa yeye. Usingizi ukamhama Kibwana. Akatoa darini pembe zake mbili, zile alizomwahidi Hidaya kuwa zitazaa nyumba yenye mlango wa mbao, akashuka nazo shambani kwa Mdachi kulipopambazuka, akazibadilisha kwa bunduki. Bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kidachi, naye akampa ruhusa ya kuimiliki bila kusita, maana tembo walikuwa wakikanyaga mashamba ya Wazungu, na serikali ile haikupenda mtu mwingine akanyage isipokuwa yenyewe.

Wakati wa kurudi alipitia nyumbani kwa Benedikto. Haikuwa njia yake. Ilimbidi azunguke kilima kizima.

Benedikto alikuwa anapiga pasi. Akaitazama bunduki, akaiweka pasi chini polepole.

"Hongera, fundi. Umeonyeshwa namna ya kuishika?"

"Nionyeshwe mimi? Nilikuwa naua tembo wewe bado unanyonya!"

"Haya, fundi," akasema Benedikto, akatabasamu.

Kibwana aliliona tabasamu lile akalihesabu kuwa ni wivu. Likamshibisha hadi nyumbani.

Sasa, mke wa fundi wa tembo ana kazi ngumu kuliko mumewe. Mume akiwa porini, mke hatoki uani, hagombani, haogi, wala moto wake hauzimiki. Na fundi akikosa shabaha, watu hawaiulizi bunduki. Wanamuuliza mke alikuwa na nani.

"Na yule wa kaptula asipite hapa," Kibwana aliagiza alipokuwa anaondoka.

"Njia ni ya kanisani, Baba Furaha. Nimzibie Mungu?"

Akaenda na shemeji yake Dadi, kaka wa Hidaya, stadi wa kufuata nyayo. Wakamkuta tembo dume katikati ya miti ya mpira, anajikuna mgongo kwenye mti kama mwenye shamba.

Gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti, kwa asiyelijua, hutema moto nyuma sawasawa na mbele. Kwa hiyo mafundi wote wa mlima ule walizoea kulishika mbali na mwili, kitako kinaelea hewani, uso umegeuzwa kando kama mtu anayemwaga maji machafu. Ndivyo, bila kuibana begani, Kibwana alivyoishika bunduki ile iliyotengenezwa kuangusha milima.

Akafyatua. Mlio ulipoisha, tembo alikuwa amesimama, tawi la mpira limeanguka, na Kibwana yuko topeni chali. Tembo akamtazama kidogo, akapepea masikio, akaenda zake.

"Umemkosa, shemeji."

"Dadi," Kibwana akasema njiani, mkono unaning'inia, "fundi hakosi hivi hivi. Dada yako..."

Dadi akasimama. "Nimeona ulivyoishika. Lakini mdomo ni wako. Ukilisema hilo mbele za watu, namchukua dada yangu leo hii, na watoto. Unajua kwetu watoto ni wa ukoo wa mama."

Uani walikuta watu wamejaa na vikapu vya kubebea nyama. Benedikto naye alikuwepo, ameegemea mfenesi.

"Tembo yuko wapi?" mmoja akauliza.

Macho ya watu yakaenda kwa Hidaya mlangoni, kisha yakahamia taratibu kwenye kaptula ya kaki. Kibwana aliijua njia hiyo. Ni yeye aliyeifyeka. Neno lilikuwa tayari ulimini, tamu kama asali. Angelitema tu, jina lake la ufundi lingepona, bunduki ingepona, na Benedikto angepigwa michi na wanawake wale wenye vikapu kabla ya jua kuzama. Benedikto mwenyewe alikwisha kuuacha mfenesi, anatafuta upenyo kwa macho.

"Sema, Baba Furaha," Hidaya akasema. "Nipo hapa hapa."

Nywele zake zilikuwa na majivu. Alinuka moshi na jasho, yeye ambaye hakuna siku aliyokosa kwenda mtoni kuoga. Nyuma yake moto ulikuwa unafuka bado.

Bibi Veronika, mwenye kikapu kikubwa kuliko vyote, alichoka kusubiri.

"Hebu tuambie, fundi! Libunduki lote hilo limeua nini?"

"Bega langu," akasema Kibwana.