Dirisha Nililotoboa Kwenye Mafunjo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gambuti mbili za mpira, zote za mguu wa kushoto. Nilizivaa hivyo hivyo. Kutoka nyumbani Kiganjo hadi hifadhi ile ya bwawa, upande wa Ruiru, nilikuwa nimeomba njia nzima nisirudishwe, kwa sababu niliishia kidato cha pili na ndoto yangu ilikuwa moja tu: kumjua kila ndege kwa jina lake.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mtacheka nikisema nimestaafu, na kichwani sina hata mvi moja. Goti ndilo lililostaafu, mimi nikalifuata.

Miezi ya kwanza nililinda geti, chini ya Mkuu wa Hifadhi, mtu wa maneno machache. Halafu nikahamishiwa kwa Msimamizi wa Njia, Madam Nafula, mama wa Bungoma aliyefanya kazi kiwandani Thika miaka mingi kabla ya kuja kutunza ndege. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma njia: unatangulia asubuhi kabla ya wageni, unaangalia ubao upi wa kukanyagia umelegea na ni nyayo za nani ziko kwenye matope. Akanifundisha pia pazia, yaani ukuta wa mafunjo unaoachwa kati ya njia na maji. Pazia halikatwi. Wageni huchungulia kwenye tundu dogo tunaloita dirisha, na ni msimamizi peke yake anayelitoboa, baada ya kukaa hapo siku nzima akijua nani anaishi ng'ambo.

Siku moja niliambiwa kesho yake nitaongoza wageni kwa mara ya kwanza, akina mama wa kanisa moja la Mwihoko. Nyuma ya pazia, korongo taji, yule ndege wa shungi la dhahabu, alikuwa ameatamia mayai mawili. Nikawaza, hawa watoke Mwihoko waje kuona majani tu? Jioni hiyo nikachukua slasha ya kufyekea nyasi na kutoboa dirisha langu. Safi, la mraba, kama la nyumba ya mabati. Nililisifu hata mimi mwenyewe.

Asubuhi tukisoma njia, Madam alisimama ghafla. Kiota kilikuwa wazi kama meza. Korongo alikuwa mbali majini, shingo juu, hataki kusogea. Na kwenye matope ya njia kulikuwa na nyayo mbichi za nguchiro, mla mayai, zikielekea dirishani.

"Mayoo! Mwaura, nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Madam. Nilitaka wageni waone."

"Na nguchiro je? Si yeye pia ni mgeni wako?" Hakupaza sauti, na hapo ndipo niliogopa. "Hayo mayai yakipoa, kwisha. Leta kamba."

Tuliokota mafunjo niliyokata, tukayafunga juu ya yale yaliyobaki, kama msusi anayeunganisha nywele fupi. Kisha tukaweka kamba kuvuka njia, kufunga upande ule. Madam akabaki mbali na darubini yake, mimi nikatumwa getini kuwakabili wageni.

"Kijana, sasa huyo ndege ako wapi?" akauliza Mama Shiku, mwenyekiti wao. "Ama ameenda Githurai kununua nyanya?"

Walicheka wote. Ningeweza kusema ubao umevunjika. Lakini nilisema yote, slasha na dirisha na nyayo.

Kicheko kikakatika. "Ngai! Kwani wewe hukulelewa? Mama akiwa na mtoto mchanga, mlango unafungwa." Halafu akawageukia wenzake. "Hakuna kelele. Tunangojea."

Wakaketi nyasini na viatu vyao vya kanisa. Gari zima la akina mama, kimya. Jua lilipanda, mimi nikihesabu kila dakika nikiyawazia yale mayai. Mwishowe Madam akatokea akitembea kwa vidole, dole gumba juu. Korongo amerudi, amekalia.

Mama mmoja akavuta pumzi apige ngemi, vigelegele vya kupokea mtoto, Mama Shiku akamziba mdomo. Walitoka hadi barabarani, mbali kabisa, ndipo wakazipiga. Ngemi ni tano kwa mvulana, tatu kwa msichana. Hawakujua ni yupi, wakapiga zote nane.

Vifaranga walitoka wawili. Mimi sikuwaona, nilikatazwa upande ule, na nilistahili. Madam alinionyesha kimo chao kwa mkono tu.

Juzi nimerudi pale kama mgeni, goti likilalamika kila ubao. Aliyeniongoza ni msichana mpya kazini. Tulipofika kwenye kamba akasema, "Huku kumefungwa, mzee."

Mzee! Nikamwomba anichungulishe kidogo tu, mimi ni mtu wa hapa.

"Haiwezekani. Madam alituambia kuna mjinga mmoja zamani alitoboa dirisha hapa na slasha."

"Alikuwa mjinga sana?"

"Sana. Lakini Madam akimtaja huwa anacheka peke yake."

Nikakaa kwenye ubao, nikayatazama yale mafunjo yaliyoziba kila kitu, nikayatazama mpaka msichana akaniuliza kama ni goti linaniuma.

"Eeh," nikamwambia, nikijifuta macho. "Ni goti."