Kuonja Maji Kabla ya Kufungua Tuta

Siku ile niliyofungua tuta hainitoki, mwanangu Zuhura, na tangu ulipokuja juzi kuniaga, ukanieleza masomo yako ya upepo wa jua unayoyafuata huko, ndiyo kabisa, nalala nayo naamka nayo.

Ulinieleza polepole, ukijua baba yako ni mbishi. Jua linapuliza chembechembe zenye umeme, mchana na usiku, na dunia imezungukwa na nguvu ya sumaku inayozikinga. Upepo ukifika ukingoni hupinda, ukapita pembeni. Ukivuma sana huusukuma ukingo ukasogea karibu nasi. Ila mlango hasa, ukasema, hufunguka pale sumaku ya upepo inapoelekea kinyume na ya kwetu. Hapo mistari ya sumaku, yake na yetu, hukatika, ikaungana upya, na upepo ukaingia. Ukadhani sikuelewa. Kumbe nilikuwa nimerudi shambani kwetu delta, mto unapoingia baharini, na mama yako.

Mpunga wetu ulinyweshwa na mto. Bahari ikijaa, huyasukuma maji ya mto yakapanda hadi kwenye tuta, nasi tukafungua tundu yaingie. Marehemu mama yako hakufungua kabla hajachota kwa kiganja akaonja. Mimi nilikuwa namcheka, namwita mpishi wa mto. Mwaka mmoja mto ulipungua, na siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yeye alikuwa msibani Kibiti. Nikaona maji yamefika juu, mazuri kwa macho. Nikafungua.

Yalikuwa ya chumvi, mto haukuwa na nguvu ya kuizuia bahari isipande. Wiki haikuisha, mpunga ukakauka wote, chakula chetu cha mwaka mzima. Mama mkwe akaja, akaonja, akatema.

"Bahari haikuvunja tuta, baba. Umeifungulia wewe."

Mama yako aliporudi hakunisema. Alijifunga kanga, tukasubiri mto ujae, tukapanda upya. Wallahi afadhali angenitukana. Leo ningetoa chochote nilichonacho anitukane, mradi niisikie sauti yake.

Basi shika hili, mwanangu. Huko uendako usiogope kinachokuja kwa kishindo tu. Tuta lako ni imara, alilijenga mama yako. Tazama kimeelekea wapi, na usifungue hadi uonje. Lakini ufungue, usije ukajifungia mpaka ukakauka. Zamani alikuwepo wa kutuonjea, sasa utaonja mwenyewe. Mola akutangulie uendako, na akurudishe unikute.