Gemu Ilifukuzwa, Shuka Likapigiwa Makofi

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, koo linajifunga kama duka siku ya Jumapili. Ndiyo maana klabu ya drama ya shule yetu, hapa Bungoma, ilinipa kazi ya kukaa nyuma ya pazia: kushika mswada, kumnong'oneza anayesahau maneno, na kuwasha taa. Naandika haya kwa sababu ya hiyo taa.

Ilianza siku ya wazazi. Mwalimu wetu wa nidhamu, ambaye ndiye pia mwalimu wa drama, alisimama mbele ya hema akiwa na simu ndani ya mfuko wa plastiki, ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Ilikuwa simu ya kijana wa Kidato cha Pili. Ndani ya simu kulikuwa na gemu, na ndani ya gemu, alisema, unaweza kumbaka mwanamke. Wazazi wakaguna kwa pamoja. Mama mmoja akasema ashindwe, na hatukuelewa ashindwe nani, simu au kijana. Ikapitishwa kijana aende nyumbani wiki mbili, na mwanafunzi yeyote atakayeonekana kwenye vibanda vya gemu amfuate. Mwenyekiti wa wazazi alitaka hata vibanda vyenyewe vichomwe.

Sina la kumtetea yule kijana. Kama kweli alibonyeza, nakichukia kidole chake. Lakini baada ya chakula, wazazi wale wale, ndani ya hema lile lile, walionyeshwa igizo letu tulilokuwa tunatayarisha kwa mashindano ya Kitale.

Igizo lilihusu msichana wa kazi katika nyumba ya mtu mkubwa. Katikati, mwenye nyumba anambaka. Mwalimu aliipanga sehemu hiyo ionekane kwa vivuli: shuka jeupe linateremshwa, taa ya kuchaji inawaka nyuma yake, ngoma inapigwa, kivuli kikubwa kinakifuata kidogo mpaka konani. Dakika nzima. Kwenye mswada uliokuwa mapajani mwangu pameandikwa neno moja tu, "Anamharibu." Dakika iliyobaki Mwalimu aliiongeza mwenyewe.

Aliyeigiza msichana ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Upande wa watu kulikuwa na kivuli. Upande wangu kulikuwa na uso wake. Na ng'ambo ya shuka watu walikuwa wanacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Kuna aliyepiga mluzi. Kuna mzee aliyesema kwa sauti, "Huyo sasa amepatikana," na hema zima likaangua kicheko. Mwisho walipiga makofi mpaka nikahisi vumbi puani, halafu mwenyekiti wa wazazi, yule wa kuchoma vibanda, akasimama kutuambia igizo letu lina mafunzo.

Mafunzo! Watu wazima wakitaka kutazama kitu na huku waonekane wanasali, husema kina mafunzo.

Kaka yangu anafanya kazi katika kibanda cha gemu huko Chwele. Alinisimulia jinsi kamati ya wazazi ilivyofika siku ya soko, watu saba na Biblia moja, kuja kuona uovu kwa macho yao. Wakakuta watu wawili wa bodaboda wanacheza kandanda kwenye skrini. Baba mmoja akauliza wale wa nyekundu ni nani, akavuta kiti, akakaa mpaka mapumziko. Nilimuuliza kaka kama wanayo gemu ya yule kijana. Akasema hapana, hapo watu wanataka mpira tu. Kisha akaharibu.

"Lakini si ni gemu tu, siz. Nani ameumia?"

Nilimdharau, naye ndiye hunipeleka shule na pikipiki mvua ikinyesha.

Mama alikuwa anakunja nguo mbele ya runinga. Tamthilia yake ilikuwa imefika pale msichana anafungiwa chumbani na tajiri, na Mama hapendi kusumbuliwa pale. Nikamuuliza hiyo na gemu zina tofauti gani. Alifikiri kweli, maana Mama si mjinga, hata shati likabaki hewani. Akasema kwa gemu ni mkono wako unaofanya, kwa runinga wewe unaona tu. Ilikuwa hoja ya kwanza yenye akili niliyoisikia muhula mzima. Nikaenda nayo shuleni kesho yake nikiwa nimeridhika, mpaka kwenye mazoezi, nilipokumbuka ni mkono wa nani unaowasha taa.

Wiki hiyo rafiki yangu alienda kwa Mwalimu. Mimi nilimsindikiza, yaani nilisimama mlangoni nikitazama viatu vyangu.

"Mwalimu, naomba hiyo sehemu niisimulie tu," alisema. "Maneno ninayo."

"Waamuzi wanataka kuona. Kusimulia ni kwa redio. Ama unaogopa kivuli?"

"Siogopi kivuli, Mwalimu. Ni kile kicheko."

Mwalimu alisema kicheko ni dalili kwamba watu hawajalala. Tukishinda Kitale, akaongeza, igizo litazungushwa shule nyingi muhula ujao, mpaka Sirisia na Kimilili, na rafiki yangu atamshukuru. Kisha akanigeukia mimi, mshika mswada, akauliza ile sehemu ikoje. Nikajibu, "Iko sawa, Mwalimu." Nimewadharau watu wengi katika kurasa hizi, basi na mimi niandikwe hapo hapo. Rafiki yangu hakunisemesha siku mbili, na kwenye dawati la watu wawili hiyo ni kazi.

Kitale, madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili kuwe na giza. Wanafunzi wa shule nyingine walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Zamu yetu ikafika. Shuka likateremka, nikawasha taa, ngoma ikaanza. Kivuli kikubwa hakikuwa kimepiga hata hatua moja, na tayari kuna mtu nyuma aliyekuwa anapiga mluzi. Alijua kinachokuja. Pengine kila shule iliyotangulia ilikuwa na shuka lake.

Nikazima.

Ngoma iliendelea kidogo, kisha ikakosa pa kwenda. Watu wakauliza ati stima imepotea. Nikamnong'oneza rafiki yangu neno ambalo halikuwa kwenye mswada.

"Simulia."

Naye akaanza. Alisema alikuwa amebeba beseni la nguo. Alisema mlango ulifungwa, na beseni bado liko mkononi. Hakusema kilichofuata. Alisema tu kwamba aliporudi jikoni maji ya ugali yalikuwa bado hayajachemka, akashangaa, kwa sababu alidhani siku nzima imepita. Siwezi kusema ukumbi ulilia. Kuna mtu alikohoa. Lakini hakuna aliyecheka, na yule wa mluzi sikumsikia tena.

Tulikuwa wa nne, na vikombe vilikuwa vitatu. Mwamuzi alisema hitilafu ya taa ilitunyima kilele. Mwalimu aliniuliza kwa nini sikuichaji, nikainamisha kichwa kama mtu ambaye hakuichaji.

Tukirudi, dereva wa basi la shule alituwekea sinema, zile za kigeni ambazo kuna jamaa anazisimulia juu kwa Kiswahili na utani. Tulipopita Kimilili, mwanamke kwenye skrini akaburutwa ndani ya nyumba. Jamaa wa kusimulia akasema ameenda kupimwa malaria. Mwalimu, kwenye kiti cha mbele, alicheka mpaka akajifuta macho. Nilikumbuka kwamba kijana wa Kidato cha Pili bado alikuwa na siku nne za kukaa nyumbani.

Rafiki yangu alisimama, akaenda mbele, akamwomba dereva azime.

"Kaa chini, msichana," Mwalimu akasema. "Si hiyo ni sinema tu?"

Dereva alipunguza sauti. Picha akaiacha. Rafiki yangu akarudi, akaketi kando yangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo koo langu likafunguka. Nikamwambia betri haikuwa imeisha.

"Najua," akasema. "Nilisikia swichi."